Nzumari Isiyopulizwa

Sefu Mbwana alirudi Munje wakati wa adhuhuri, saa ambayo watu wako ndani wanakula, na mtu anayechagua saa hiyo kurudi kwao huwa hataki kuonekana. Mimi nilimwona. Cherehani yangu iko barazani, na kutoka barazani naiona njia yote kuanzia msikitini mpaka kisimani. Pikapu ilisimama mbele ya nyumba ya marehemu mamake, yeye na dereva wakashusha vitu viwili virefu vilivyofungwa kwa mashuka meupe. Mashuka yale yalikuwa na nembo ya hoteli. Shuka la hoteli nikiliona nje ya hoteli, mimi huuliza limetokaje.

Nikaenda nikauliza. Sefu hakukasirika, na hilo lilinitia shaka zaidi kuliko kama angenifokea. Alisema hoteli aliyokuwa akipiga kinanda kule Diani imefungwa, stoo imemwagwa nje, na meneja amemwambia achukue kinanda kimoja kikuukuu kilichokuwa humo stoo kabla hakijatupwa. Cha pili, kile kidogo na kipya, aliachiwa na mpiga gitaa wa bara aliyehama Ukunda. Nikamwagiza binamu yangu Iddi, ambaye ni askari wa getini hukohuko Diani, anichunguzie. Iddi akarudi na jibu kwamba kila neno ni kweli. Nilisikitika kidogo.

Wengine watakuambia Sefu ni mtu mwema, na huenda wasikosee. Mimi nitasema ninachokijua. Tangu utotoni alikuwa hawezi kuona kitu kikae kimya. Alikata mabua ya majani ya mpapai akayatoboa yakawa filimbi, hata mamake akawa anailinda mipapai yake kama watu wanavyolinda mihogo isiliwe na nguruwe. Akapelekwa kwa mjomba wake Ukunda, akajifunza kinanda kwenye kikundi cha taarabu, kisha hoteli ikamvisha shati la maua. Miaka nenda miaka rudi aliwapigia wageni wimbo uleule wa kuwakaribisha huku wao wanakula kamba na pweza. Alioa, mke akarudi kwao Tiwi. Kila mtu hapa ana maelezo yake kuhusu jambo hilo. Yangu ni kwamba mwanamke anaweza kumvumilia mke mwenza, lakini si mke mwenza anayetumia umeme.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, zikaanza sauti. Kwanza kitu kama ng'ombe aliyeingia ndani ya mtungi. Kisha matone ya maji. Kisha upepo mkali, na nje majani ya minazi yametulia tuli. Kuku wa jirani yangu Kanze walikimbia wakajificha chini ya ghala. Haikupita wiki, watu wakawa wanasema Sefu amekuja na majini kutoka hoteli ya Wazungu, na Ustadh Abdulwahab akaombwa aende akasome. Alikwenda. Alikaa humo mpaka karibu na magharibi, akatoka anacheka, akasema hakuna jini, kuna umeme tu. Nikajiuliza amechekeshwa na nini. Majini mimi sina haja nayo, watu wananitosha.

Basi nikaenda mwenyewe, najifanya nataka kupima dirisha lake nimshonee pazia. Sefu akanikaribisha kwa adabu zote, akanipa kiti cha mamake, nami macho yangu yakafanya kazi iliyonipeleka.

Kinanda kikuukuu kilikuwa kimewekwa juu ya makreti ya soda. Mbavu zake za mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, naye amebandika mbao za mwembe badala yake. Juu kilikuwa na vifundo vya kuzungusha, safu kwa safu, vimeingiwa na chumvi ya bahari, na Sefu alikuwa akivisugua kimoja kimoja kwa pamba na spiriti. Mwenyewe alikiita sinthesaiza. Alinieleza kwamba hakipigiki mpaka kipate moto kama pasi, na kikipata moto kupita kiasi sauti inapanda yenyewe, kwa hiyo amekiwekea feni. Feni ya mamake, ambayo marehemu mwenyewe hakuwahi kuwashiwa. Kile kinanda kipya kilikuwa chembamba, kina kioo kama cha simu, na ndani yake mna sauti mamia zilizokwisha kutengenezwa. Ukitengeneza yako, kinaihifadhi.

"Hiki kipya ni duka la nguo," alisema. "Hiki cha zamani ni jora la kitambaa."

Akabonyeza kitufe kimoja cha kile kikuukuu, ikatoka sauti moja nene, isiyo na adabu, inayokwaruza masikio. Akasema hilo ndilo jora. Mimi Esha nikipewa jora, gauni halimo ndani yake. Mimi ndiye ninayekata mpaka gauni lionekane. Naye hivyohivyo. Akazungusha kifundo kimoja, sauti ikafumba mdomo, akakirudisha, ikafumbua. Kifundo kingine kiliamua sauti iingie kwa kishindo au iingie kwa kunyata. Cha tatu kiliitetemesha. Kimoja kilitoa upepo mtupu, kama mvua inayokuja juu ya mabati ya watu wengine. Niliyaelewa yote, na kuyaelewa kwangu kukaniudhi. Mtu akikueleza mambo yake kwa maneno ya kazi yako, kuna kitu anachokitaka kwako.

Na alikisema palepale. Kule hotelini kinanda alichowapigia wageni, si hiki, kilikuwa na sauti kwa namba: filimbi ya Wachina, fidla, zumari ya mfuko ya Waskoti, watu wanaopiga makofi. Miaka yote alizipitia namba zile akitafuta kitu cha kwao.

"Hata helikopta imo, Dada Esha," aliniambia. "Nzumari yetu haimo."

Alitaka kuitengeneza, kwa kukata, juu ya kile kinanda cha zamani. Na ili aikate sawasawa alitaka kukaa na Baba.

Sasa nikajua adabu zake zinaelekea wapi. Baba yangu ni Mzee Boga. Hapa kwetu huhitaji kuongeza neno, lakini kwa mgeni nitasema kwamba hakuna harusi yenye ngoma ya sengenya, toka Munje mpaka Tiwi, iliyohesabiwa kuwa imeanza kabla Baba hajafika na nzumari yake. Ni kijiti cha mti kilichotobolewa, mdomoni kina ulimi mdogo wa ukuti wa mti wa mvumo. Mpigaji hujaza mashavu, anavuta hewa kwa pua huku anaitoa kwa mdomo, na sauti haikatiki toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Baba hana shamba la kusemwa wala mifugo. Ana sauti ile, na watu wanaotuma mtu kuja kumwita kwa sababu yake.

Nikamkatalia Sefu kwa niaba ya Baba. Nilikuwa na sababu. Nyuma kidogo walikuja wageni na kipaza sauti chenye manyoya kama paka, wakamrekodi Baba asubuhi nzima, wakamsifu, wakampa kofia, wakaahidi kurudi. Kofia tunayo mpaka leo. Baadaye Kanze, ambaye huwasinga wageni kwa mafuta kwenye hoteli moja ya Diani, akaniapia kwamba amemsikia Baba akilia kutoka kwenye spika za chumba cha kusingia, na watu wamelala kifudifudi wakimsikiliza bila kujua ni nani. Hicho kilikuwa kipaza sauti tu. Mashine inayoweza kuizaa sauti yenyewe upya ingefanya nini? Nani angejisumbua tena kumtuma mtu amwite mzee? Nilimwambia Sefu kwamba siku nitakayomwona kwenye kizingiti chetu nitammwagia maji ya vyombo, na pazia atafute fundi mwingine.

Akasema, "Sawa, Dada Esha." Tena bila kukasirika.

Siku hizo Baba mwenyewe alikuwa hapigi. Tangu mwezi wa Ramadhani alikuwa amepoteza meno ya mbele, na kila aliyekuja kumwita alijibiwa kwamba ukuti wa mwaka huu mbovu, ulimi wa nzumari hautoki sawasawa, asubiri. Nilimwamini. Mimi, ninayemshuku hata muuza chumvi kwamba ameitia mchanga, nilimwamini, kwa kuwa ni baba yangu na kwa kuwa jua la mwaka ule kweli lilikuwa kali. Kila aliposema ukuti, nami nilisema ukuti.

Kisha mambo yakaanza kunipita mbele ya macho. Chaki yangu ya kuchoria vitambaa ikapotea. Nikanunua nyingine, ikapotea nayo. Panya hali chaki. Na Baba akaanza kutoka kila siku baada ya alasiri, kwa mlango wa uani, kavaa kanzu safi, kajipaka marashi, na ukimuuliza anakwenda wapi anakwambia ananyoosha miguu. Miguu haihitaji marashi. Nikatazama njia kuanzia msikitini mpaka kisimani, nikaona kwamba Kanze, ambaye ni mjane na bado ana sura yake, hurudi kutoka Diani saa zizo hizo. Na Kanze ndiye anayekuja barazani kwangu kupiga soga, mkono wake karibu na kisanduku changu cha chaki. Sikujua ataifanyia nini chaki, lakini mtu anayeweza kumchukua baba yako hashindwi kuchukua chaki.

Alipokuja kupimwa gauni nilimkaza tepu kiunoni mpaka akaguta. Nikamuuliza habari za jioni zake. Akaniambia anachoka, analala. Kisha, bila mimi kumwuliza, akasema, "Na mzee je, anaendeleaje na ule mdomo?" Nikamwuliza mdomo gani. Akaangalia pembeni, akasema ah, alidhani tu. Nilimpima tena upya tangu mwanzo ili abaki pale, lakini hakusema neno lingine. Hapo nikajua kuna njama, na kwamba mimi simo ndani yake.

Kwa Sefu nako kulikuwa kumebadilika. Ng'ombe wa mtungini alikuwa amekwisha. Zilitoka sauti ndogondogo, za kujaribu, zinaanza na kukatika, na mlango umefungwa na dirisha limefungwa. Na joto la Munje lilivyo, mtu anayefunga dirisha alasiri anaficha jambo. Sikuweza kuwa sehemu mbili. Nikaamua kwanza nimshughulikie Kanze.

Siku yenyewe nilikuwa nakata gauni la bibi harusi, kitambaa cha watu, cha gharama, na mkasi uko katikati ya kifua cha gauni. Ndipo niliposikia wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani. Ulikuwa wimbo wa Baba. Mwishoni mwa kila ubeti yeye huipandisha sauti kidogo na kuiacha hapo juu, kama mtu aliyeuliza swali na hangoji jibu, na hakuna mpigaji mwingine wa pwani hii anayefanya hivyo. Wimbo ulikuwa wake, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa nene na nzito, ya mtu aliyejifunika blanketi. Na ilikuwa inatoka kwa Sefu.

Damu ikanichemka. Basi amefanikiwa, nikasema, ameiba, na hata kuiba kwenyewe ameiba vibaya. Niliondoka barazani vilevile nilivyokuwa. Sikujua kwamba nimeshika mkasi mpaka nilipowapita wanawake kisimani na mmoja wao akaiachia kamba ya ndoo.

Maisha yangu yote sijawahi kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Siku ile niliusukuma mlango.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu mamake Sefu, mbele ya kinanda kikuukuu, kofia imelala upande. Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe. Macho ameyafumba. Mashavu yake yalikuwa yamejaa hewa, yamevimba kama nilivyoyaona tangu nipate fahamu, na mdomoni mwake hapakuwa na kitu chochote cha kupuliza.

Sefu ndiye aliyeuona mkasi kwanza, akarudi nyuma mpaka ukutani. Baba akafumbua macho, akaniona, mashavu yakanywea, na hapo nikaona jinsi mdomo wake ulivyobonyea bila meno, jambo ambalo nilikuwa naliona kila siku mezani na sikuliona. Chumba chote kilinukia marashi. Na kuzunguka kila kifundo cha kile kinanda palikuwa na alama ndogo nyeupe. Chaki yangu.

Nilimgeukia Sefu, kwa kuwa yeye ndiye niliyemjia, nikamwita mwizi mbele ya baba yangu. Baba ndiye aliyejibu. Alisema niweke heshima katika nyumba ya watu, kwamba Sefu hajakanyaga kizingiti chetu hata mara moja, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyekuja, kwa miguu yake, akabisha hodi hapa.

"Ukuti si mbovu, Esha," akasema. "Mdomo wangu ndio mbovu. Hewa inatoka pembeni. Sikutaka unionee huruma."

Nikayaunganisha yote kwa mpigo. Ustadh alikuwa anajua, maana njia ya uani inapita nyuma ya msikiti. Kanze alikuwa anajua. Wale wanawake wa kisimani bila shaka walikuwa wanajua, maana kutoka kisimani mlango wa nyuma wa Sefu uko hatua chache. Aliyekuwa hajui ni mimi, mwenye baraza linaloona njia nzima. Iliniuma, na kwa vile iliniuma nikasema neno lililokuwa karibu na ulimi.

"Hiyo si sauti yako, Baba."

Mzee alikasirika kuliko nilivyotazamia. Alisema ameipiga nzumari tangu kabla sijazaliwa, na kama yeye haijui sauti yake basi nani anaijua? Sefu, kwa upole wake ule unaonichosha, akajaribu kutusuluhisha. Akaeleza kwamba mwanzo aliikata sauti kwa kufuata rekodi ya harusi iliyokuwa kwenye simu, na Baba alipoisikia aliikataa palepale, akamwambia hiyo si nzumari, hiyo ni spika ya pembe iliyotundikwa mtini. Na ilikuwa kweli. Sefu aliondoka Munje mdogo. Nzumari aliyoijua ni ya harusini, imepita kwenye spika kwanza. Basi wakaanza upya, na safari hii Baba ndiye aliyeongoza. Nene zaidi. Ya chini zaidi. Iwe karibu. Sefu akazungusha mpaka Baba akasema hiyo ndiyo, hivyo ndivyo isikikavyo.

Nikamwambia Baba, "Hivyo ndivyo ulivyoisikia wewe, ndani ya kichwa chako, mashavu yamejaa hewa. Humo ulikuwa peke yako."

Feni ilikuwa inazunguka. Kisha Sefu akauliza, "Ilikuwaje basi, Dada Esha?"

Nilitafuta hila katika swali lile. Sikuiona, jambo ambalo halimaanishi haikuwamo. Lakini Baba naye alikuwa ananitazama, na alinitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa habari za kwao. Sikuweza kujibu nikiwa mle chumbani. Nzumari sikupata kuisikia kwa karibu. Ngomani wanaume huizunguka ngoma ya chapuo na mpigaji, wanawake tuko upande wa jikoni na masufuria, na nyumbani Baba alifanyia mazoezi uani mimi niko nyuma ya ukuta nafua. Nikawaambia wafungue dirisha. Nikatoka nje, nikasimama ukutani upande wa kisima, nikawaambia waanze.

Ikatoka ile sauti ya blanketi. Nikamwambia Sefu aifumbue mdomo. Akaifumbua kupita kiasi, nikamwambia sasa huyo ni mbuzi. Akaipunguza unene, nikamwambia bado, inabana puani, Baba hakuwa na mafua. Nikamwambia kwamba kabla ya kila neno palikuwa na mkwaruzo. Hakuelewa mkwaruzo gani. Nikavua kitambaa nilichojifunga kichwani, nikakitia mkasi kwenye pindo, nikakichana mbele ya dirisha.

"Hivi," nikasema. "Kidogo kuliko hivi. Halafu ndipo sauti ije."

Akakichukua kile kifundo cha upepo akautia upepo mwanzoni, chembe tu, na nikasikia nywele zinanisimama, kwa kuwa ilikuwa inakaribia. Baba akaipiga tena. Ilitetemeka tangu mwanzo, nikawaambia hapana, isitetemeke mwanzoni. Ilikuwa ikitetemeka mwishoni, akianza kuchoka. Baba akapaza sauti kutoka ndani kwamba yeye hakuwahi kuchoka. Nikamwambia alikuwa akichoka, kila harusi, na hapo alipokuwa akichoka ndipo wanawake walipokuwa wakilia. Sikumwona uso. Nilisikia tu akimwambia Sefu afanye kama ninavyosema.

Kisha ikaja.

Ilipita dirishani ikanijia kama ilivyokuwa ikinijia nikiwa na mikono ndani ya beseni la kufulia, nyembamba, kali, ina kikwaruzo chake mbele na uchovu wake nyuma, na mwisho wa ubeti ikapanda ikabaki juu inauliza. Nililia, na sioni haya kusema. Kisimani ndoo zilinyamaza. Bibi mmoja mtu mzima, ambaye kwa desturi haachi kulalamikia magoti, akaanza kutikisa mabega.

Wimbo ukakatika katikati. Dirishani akatokea Baba.

"Hivi ndivyo mlivyokuwa mkinisikia?" akaniuliza.

"Ndivyo, Baba."

Alibaki ameshika fremu ya dirisha. Sefu aliniambia baadaye kwamba tangu siku ya kwanza mzee alikuwa na sharti lake: asiihifadhi sauti ile kwenye kinanda kipya, asipige picha vifundo kwa simu, na kila wakimaliza, Baba mwenyewe huvirudisha vifundo vyote mwanzo na kuzifuta alama za chaki kwa pindo la kanzu, ili mtu asije akaipiga nyuma ya mgongo wake. Kila alasiri walianza upya. Niliposikia hivyo nikajua tabia yangu nimeirithi wapi. Lakini siku ile, alama zikiwa zimeandikwa upya kila nilipomrekebisha Sefu, Baba hakufuta. Alimwambia Sefu akae yeye kwenye kinanda aupige wimbo, toka mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa vidole vya Sefu vilikuwa vimekwisha kuujua. Kisha akatoka nje, akanijia pale ukutani, akanishika bega.

"Ingia ndani umwangalie," akasema. "Wewe humwamini mtu."

Nikaingia. Nikasimama nyuma ya Sefu na mkasi wangu, nikimwangalia vidole, asije akakosea, asije akaongeza lake. Hakuongeza. Aliupiga kama alivyopewa, na alipofika mwisho wa ubeti akaipandisha sauti akaiacha. Nikamtazama Baba dirishani. Alikuwa amesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, mikono nyuma, kanzu yake safi imegusa ukuta wa udongo, na mashavu yake yametulia. Hakuwa anapiga. Alikuwa anasikiliza kama mtu yeyote aliyealikwa harusini, na alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe nilikuwa napiga vizuri," akasema.

Hakumwambia mtu, alijisemea tu. Sefu aliinua vidole, akaniuliza kwa sauti ndogo kama afute alama za vifundo, maana ndilo lilikuwa sharti la mzee. Nikamwambia asiguse kitu. Nikaweka mkasi juu ya kreti la soda, nikachukua chaki yangu, nikazikoleza alama moja moja.